Suala Lako Liko Juu

Alhamisi, tarehe kumi na moja Aprili, mwaka 2019, saa nne asubuhi, Anyelwisye alifika mtoni na kukuta daraja halina mbao. Vyuma viwili vitupu juu ya maji ya mafuriko, na mkewe Marta yuko kwenye machela, anatapika. Mbao za zamani ziling'olewa wiki mbili nyuma, mpya hazijaletwa. Wabebaji wakazungukia mashambani, matope magotini. Marta alifika zahanati akiwa amefunikwa kitenge hadi usoni.

Tangu hapo mzee hakuwa na swali jingine: nani alisema mbao zing'olewe kabla mpya hazijafika? Alimuuliza mtendaji wa kijiji. "Suala lako liko juu, mzee." Akaenda kata. "Tumeshalipandisha juu." Kyela mjini walimpa kiti, wakampa na maji ya kunywa. "Liko juu. Subiri." Juu, juu! Hata moshi wa jikoni ukipanda, mtu huona ulipoishia.

Kwa hiyo jana, binti yake Tumaini, aliyeolewa Dar es Salaam, ambako mzee amekuja kumtembelea, alipomwambia, "Tata, kesho nakupeleka juu kabisa," mzee hakupata usingizi. Asubuhi alivaa koti lake la misibani, akatia barua yake ya kuuliza habari za mbao mfuko wa ndani, akabeba kifurushi cha mchele aliokuja nao.

"Mchele wa nini tena, tata?"

"Utaendaje kwa watu wa juu mikono mitupu?"

Tumaini akacheka. Alidhani ni utani.

Lifti ya ghorofa refu la katikati ya mji ilimziba masikio. Mlango ulifungwa, ukafunguka, na mji wote ulikuwa umeanguka chini.

Palikuwa na ukumbi wa vioo, watu wanajipiga picha wamebinua midomo. Hakuna meza. Hakuna mlango wenye kibao. Anyelwisye alizunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwanamume mwenye kipara, fulana imeandikwa DULLA, alimwita kutoka kwenye darubini.

"Shikamoo mzee wangu. Njoo uione Kigamboni."

"Marahaba. Wako wapi?"

"Akina nani?"

"Wa juu."

"Mzee, juu ndiyo hapa. Ukipita hapa ni kunguru tu."

Watu wakacheka. Mzee akatoa barua; mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika. Tumaini alipoiona, mkono ukamwenda mdomoni.

"Tata, jamani... Mimi nilisema juu pa kutazama."

"Kutazama nini?"

Tumaini akanyoosha kidole kwenye kioo.

Kwao, mpunga ukianza kuiva, Anyelwisye hupanda dungu alfajiri kuamia ndege. Dungu ni miti minne na kiezeko cha majani, lakini anayekaa pale ana kazi: aone, kisha apige kelele. Akisinzia, jirani atamtukana yeye na ukoo wake. Sasa hili dungu la vioo, lililokaribia kugusa mawingu, limejengwa ili nani amwamie nani?

Akainamia darubini. Huko chini watu walikuwa wadogo kuliko ndege wa mpunga. Mwanamke mmoja, beseni kichwani, alisimama kando ya barabara. Alitia mguu, akaurudisha. Magari hayakwisha. Alitia tena, akaurudisha.

Mzee hakujua lini alivuta pumzi. "Hooooyaa!" alipaza, sauti ileile ya shambani. Kioo kikamrudishia mwenyewe usoni. Ukumbi mzima ukageuka. Chini kule, mwanamke hakugeuza hata shingo.

"Tata, twende," Tumaini alinong'ona, machozi yakimlenga.

Lakini mzee alikuwa amemgeukia Dulla. Alimwekea kifurushi cha mchele mikononi.

"Ndaga, asante mwanangu. Chukua, ni wa Kyela, wa mwaka huu."

"Asante, mzee. Lakini mimi ni wa darubini tu."

"Najua. Ila wewe ndiye unayeshinda hapa kila siku." Akamsogezea na barua. "Basi nieleze taratibu, maana mimi shule sikufika mbali. Jambo likishafika huku juu, hupelekwa wapi tena?"

Dulla aliutazama mchele, akaitazama barua. Kisha, bila kujua, akainua macho darini.