Upande Mzito

Asubuhi ya Jumatatu moja, mwaka 1958, Hudson, karani wa kivuko cha Garsen, alimketisha mkewe Gladys kwenye kigoda, akamwinua kidevu na kumchungulia macho. Kazi hiyo alipewa na daktari wa macho aliyepita na lori. Daktari alisema macho ya Gladys hayakuwa mviringo, yalichongoka kama yai, akamvisha juu ya mboni lenzi mbili ngumu, nzito upande mmoja. Uzito hushuka wenyewe, alieleza, na kope zikipepesa huirudisha lenzi mahali pake. Alama iliyokwaruzwa penye uzito lazima ielekee kidevuni.

Alama zilielekea sikio la kulia, upande wa kijiji cha Kau. Hudson akamgeuza mkewe na kigoda chake. Zikahamia sikio la kushoto, upande wa Kau vilevile.

"Unaonaje, Mama Sarah?"

"Mpunga wote umelala."

Wivu ulimshika Hudson. Kau aliishi James, mchonga mitumbwi. Miaka sita nyuma James alimtuma Hudson awe mshenga wake kwa kina Gladys. Hudson alifika, akala, akanawa mikono, akaposa kwa jina lake mwenyewe. Kisha akamwambia James kwamba amekataliwa, na Gladys kwamba James amebadili nia.

James alipokwenda Minjila kutafuta gogo, alama zilikwenda Minjila. Hudson akawa anazijua safari za mwanamume huyo kuliko mama mzazi wa James, na zilimchoma kila moja.

Mpunga ukaiva. Gladys alipanda ulingoni na kombeo lake kufukuza ndege, lakini kila jiwe lilikwenda kombo, ndege wakala watakavyo. Hudson akasimama chini ya ulingo, katikati kabisa, ili alama zimwelekee yeye.

"Na sasa?"

"Vilevile, Baba Sarah."

Shamba lilipobaki nusu, Hudson alijikaza akaagiza mtumbwi, uchongwe palepale chini ya ulingo. James akaja na tezo.

"Sijawahi kukushukuru, rafiki yangu," James alisema akipiga magoti kando ya gogo. "Najua ulinisemea kadiri ulivyoweza."

"Si kitu," Hudson akajibu.

Juu, Gladys alipepesa macho mara mbili. Jiwe lake la kwanza likaangusha ndege wawili.

Hudson akapanda ngazi kumchungulia. Alama zote mbili zilielekea kidevuni, barabara.

"Leo naona sawasawa," Gladys alisema. "Umefanya nini?"

"Daktari alisema zitazoea."

Mtumbwi ulipokamilika, Hudson aliagiza wa pili.