Mtoto Asiyepata Homa

Tangu asubuhi Mwila hakukaa kitako. Éliézer, mwanawe wa mwaka na nusu, alikuwa amekataa ziwa, na kilio chake kilikatika katikati kama cha mtu aliyechoka. Akamfunga mgongoni, akaenda kituo cha afya nyuma ya stesheni, nusura akimbie.

Muuguzi Stanislas alitazama kipimajoto. "Mama, mutoto haiko na homa. Murudie tu ku nyumba."

"Hata Kyabu hakukuwa na homa."

Kyabu alikuwa binti yake wa kwanza. Mwaka uliopita alilegea hivihivi, mwili baridi, wakaambiwa wangoje. Walingoja. Siku ya pili usaha ulikuwa umefika kwenye ubongo, na siku ya tatu wakamzika.

Stanislas alikwisha kumwita mgonjwa mwingine. Mwila alitoka mpaka langoni, akarudi, akatoka tena. Miguu ilikataa njia ya nyumbani. Akasimamisha pikipiki, akaenda hospitali kubwa.

Daktari Mujinga, mwanamke wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsikiliza mtoto kifuani. "Pafu la kushoto limejaa," alisema, na palepale akaagiza sindano.

Siku tatu Mwila alizunguka kitanda cha mtoto, akikaa, akisimama, akigusa paji la uso lisilomwambia kitu. Siku ya nne Éliézer akanyonya.

Ndipo daktari akamweleza. "Mama, mu mwili muko chembe za ulinzi. Ziko na vipokezi vinavyotambua vijidudu na kupiga kelele. Kelele hiyo njo inaleta homa, njo inaamsha walinzi wengine. Kwa batoto bamoja, kipokezi kinaona adui, lakini habari haifike. Nawaza mutoto wako iko vile. Tutatuma damu yake ipimwe."

"Sasa minyi nitajua namna gani kama anagonjwa?"

"Weye ulijua mbele yetu. Akikataa ziwa, akilegea, usingoje homa. Mulete."

Akayaandika hayo kwa kalamu nyekundu kwenye fishi, kadi ya matibabu ya mtoto. Stanislas alipoisoma baadaye, aliinamisha kichwa, akaomba msamaha.

Majibu yalichukua miezi mitano, nayo yalithibitisha alichohofia daktari. Lakini mtoto akishavuka utoto, alisema, hatari itapungua sana. Sasa Éliézer ana miaka minne, anakunywa dawa ya kinga kila siku na kupiga kelele uani na wenzake. Mwila husonga bukari akiwa amegeuzia uso mlangoni, na kelele zikikoma, anaacha mwiko ndani ya sufuria na kutoka.