Baiskeli ya Kumkomesha Jeilani

Mwaka mzima Jeilani alinisalimia kwa tabasamu. Ndiye aliyemwambia ofisa wa barua kuwa mume wangu, Obeid, hufungua barua za watu njiani. Uongo mtupu. Obeid akanyang'anywa mfuko wa barua za Mokowe na Witu, akapewa Wazir, shemeji yake Jeilani. Mume wangu akaacha kukaa barazani na wenziwe. Alisema amemwachia Mungu. Mimi sikumwachia.

Masika yalipokaribia, akaja ofisa mpya. Nilimwandikia, akakubali: Obeid na Wazir washindane wiki moja, kila mtu na baiskeli yake, maili thelathini kwenda Witu leo, thelathini kurudi Mokowe kesho. Atakayefika kwa wakati ndiye mwenye kazi.

Amu nzima, kisiwani kwetu, baiskeli ziliuzwa dukani kwa Jeilani tu. Nikaenda.

"Karibu Bi Swafiya! Wataka punda wa chuma?" Waliokuwa dukani wakacheka.

"Nataka ya Obeid. Zitoe nje."

Akatoa mbili. Moja nyekundu, yang'aa kama kitanda cha bibi harusi. Ya pili nyeusi, nzito, imejaa vumbi. Mji wetu ni vichochoro. Mtu wa Amu baiskeli huijua kwa macho tu, huichagua kama achaguavyo sinia la shaba. Jeilani hakuwahi kupanda hata moja. Mimi nilisomea ualimu Unguja, na kwa miaka miwili nilikwenda kufundisha kwa baiskeli, jua na mvua.

Nikachutama, nikapitisha vidole baina ya tairi na madigadi. Kwenye nyekundu hakikupita hata kimoja. Kwenye nyeusi, vitatu. Tena tairi zake pana, breki za vyuma, mnyororo umefunikwa wote.

"Nyeusi."

"Jeneza hilo? Basi nyekundu nampa Wazir, usije ukalia."

"Mpe. Itampendeza."

Nyumbani niliipaka sifa, mafuta ya papa tupakayo vyombo vya baharini, maji ya chumvi ya kivukoni yasiile. Obeid akaziba pua.

"Swafiya, wanifanyia mimi haya, au wamfanyia yeye?"

"Yeye. Wewe panda."

Mvua ilianza siku ya pili. Tope likajaa chini ya madigadi ya Wazir, gurudumu likagoma. Alichokoa kwa kijiti, akapanda, likagoma tena. Siku ya nne aliingia Mokowe baiskeli i begani, saa tano nyuma ya Obeid. Ofisa hakungoja wiki iishe.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Jeilani alikuja mlangoni kwetu.

"Bi Swafiya, ndia ya Witu ni ndefu. Muachieni Wazir siku mbili kwa wiki. Ana watoto."

Obeid alifungua kinywa. Namjua, angekubali. Nikamtangulia.

"Na wangu wanne walikuwa mawe? Waambie hawa wapitao ni nani aliyefungua barua."

Akatazama chini. "Obeid hakufungua. Nilizua mimi."

"Sauti!"

Akarudia, watu wakasimama kusikiliza. Jasho lilimtoka.

"Haya, nimesema. Siku mbili?"

"Hata moja," nikamwambia, nikafunga mlango.