Mkono wa Nobert

Mtu mwingine akiniambia kwamba kutembea ni afya, nitampiga kwa kiatu. Mimi ni mwanamke wa Mahango. Nimepanda na kushuka milima tangu utoto, kikapu cha kahawa mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso. Sasa Medius, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa kahawa, akasimama mkutanoni akasema safari ya mwaka huu tunaenda kisiwa cha Kamabwe, kule kwenye hifadhi, tuuzunguke ufuo kwa miguu. Nikamuuliza, tukifika huko tunachuma nini? Akasema hatuchumi kitu, Edisa, tunatembea tu na kuangalia. Kuangalia nini? Mawe. Ndege. Ziwa. Khaa! Mtu anaacha kahawa yake juani aende kuangalia mawe.

Nikaenda, maana wote walienda. Nikavaa gomesi yangu ya zambarau, lile gauni refu la kanisani, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba njia yenyewe ni ya mbuzi.

Tulipanda boti Katunguru. Boti ikatushusha upande mmoja wa kisiwa, kisha nahodha akageuza, akasema atatungojea upande wa pili. Kamabwe yote ni mwamba. Mikuyu michache imeng'ang'ania kwenye nyufa, na njia ni moja tu, nyembamba, inafuata ukingo wa maji. Ukishaachwa pale, kurudi hakuna. Na chini ya kibao cha hifadhi, shati la kijani, fimbo ndefu mkononi, alikuwa amesimama kijana wa kutuongoza. Nobert.

Nilimjua kwa picha. Huyu ndiye aliyemchukua binti yangu Ronah. Hakuja nyumbani, hakutuma mzee, hakuleta hata mbuzi kiwete. Ronah aliaga kwamba anaenda kumsalimia shangazi yake Kitswamba, mara nasikia ana mume. Baadaye watu wa Nobert walikuja kuomba radhi, nikawafungia mlango. Niliwaambia kama hamkuijua njia ya kuja kabla, ya kuja baada mmeonyeshwa na nani? Na tangu siku hiyo nimesema kanisani, sokoni na kisimani: huyo si mkwe wangu. Simjui.

Lakini Ronah ni mtoto wangu, na kichwa kigumu alikitoa kwangu. Alipojifungua msichana alinipigia simu. "Mama, siku utakayomwita Nobert mkwe, ndiyo siku utakayomshika mtoto. Kabla ya hapo, hapana." Nikamjibu, basi mtazeeka mkingoja. Nikakata simu, nikalia mpaka maharagwe yakaungua. Sasa naambiwa mtoto anakaa mwenyewe, ameota na meno. Masika wangu, ndivyo kwetu tunavyomwita binti wa kwanza, mjukuu wangu wa kwanza, na mimi sijui hata ananukiaje. Iliniuma, na inaniuma, na bado sikuwa tayari kulitamka lile neno.

"Ulijua," nilimnong'oneza Medius.

"Nilijua nini?" akasema, huku anaangalia ndege.

Tukaanza safari. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nyuma ya Jamidah, yule Mwislamu wa Bwera anayenunua kahawa yetu. Jamidah ana mwili mkubwa, kwa hiyo nilijisitiri vizuri. Hakuchelewa kuniona.

"Mama Ronah, iko nini? Mimi ni mlango?"

"Tembea."

"Ulisema hii mutu haumujui. Mutu haumujui, unamukimbia ya nini?"

Wenzetu wakacheka. Alikuwa amenishika pabaya. Kwetu mama na mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Lakini hiyo ni heshima ya mkwe. Mtu usiyemjua unampa mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Kumbe kila nilivyozidi kujificha, nilikuwa nawatangazia akina mama wote kwamba yule ni mkwe wangu!

Nikatoka nyuma ya Jamidah. Nikatembea katikati ya njia, kifua mbele.

Njia yenyewe, Mungu nisamehe, ni adhabu. Mawe yamejaa mavi ya ndege, meupe, yanateleza. Minandi, wale ndege weusi wala samaki, wamejipanga juu wanatuangalia. Jua linakupiga kutoka juu, halafu linakupiga tena kutoka kwenye maji. Gomesi yangu ikanasa kwenye mwiba, ikanasa tena, na kila ikinasa Medius anageuka na kusema, "Pole, lakini ona ziwa lilivyo zuri." Ziwa nimeliona. Lipo pale pale tangu nizaliwe.

Tukafika penye jiwe la kwanza la kupanda. Nobert akatangulia juu, akawa anawavuta akina mama kwa mkono, mmoja mmoja. "Karibu, mama. Pole pole, mama." Zamu yangu ilipofika, aliweka fimbo yake juu ya jiwe, ncha ikinielekea, kisha akageuka na kutazama mbali. Nikapanda kwa fimbo, magoti yakikwaruzika, na nyuma yangu nasikia vicheko vya chini kwa chini.

Nilichemka! Huyu kijana ananifanya mkwe kwa nguvu, mbele za watu! Heshima aliyokosa kuileta nyumbani kwangu ameileta hapa juu ya mavi ya ndege, ili mashahidi waone. Nikaapa moyoni: mahali pengine pa kushikana, nitaushika mkono wake. Nitaushika wote, mpaka kwenye kiwiko, kila mtu aone kwamba kwangu yeye ni kijana wa watu tu. Tuone Ronah atasema nini.

Mahali penyewe hapakuwa mbali. Mwamba umepasuka, ziwa linaingia katikati na kutoka, na ni lazima uvuke kutoka jiwe hili hadi jiwe lile. Si pana. Mtoto angeruka. Lakini mwanamke mwenye gomesi na viatu vya plastiki haruki. Nobert akasimama ng'ambo, akawavusha wote kwa mkono. Jamidah alivuka akipiga kelele na kumwomba Mungu. Nikabaki mimi peke yangu upande huu, na wao wote upande ule, wamejipanga kama wako kanisani.

Nobert akasukuma fimbo kuja kwangu, uso pembeni.

"Fimbo sitaki," nikasema. "Nipe mkono."

"Mama, hii fimbo ni nguvu. Shika tu."

"Wote hawa umewapa mkono. Mimi nina ukoma? Hii si kazi yako?"

"Ni kazi yangu, mama."

"Basi nipe mkono!"

Hakusogea. Aliangalia maji, jasho likimtoka. "Mama," akasema taratibu, "unajua kwa nini siwezi."

"Mimi sijui kitu. Sema wewe."

"Nobert, mupe mukono, jua inatuua!" Jamidah akapiga kelele.

Akashusha pumzi. Akaweka fimbo chini. Akafumba macho kabisa, akaunyoosha mkono juu ya yale maji, kiganja wazi. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye kovu kwenye kidole gumba.

Na mimi nikainua wangu. Nakwambia ukweli, niliuinua. Ulifika katikati ukakataa. Niliusukuma kwa akili zangu zote na haukwenda. Mama yangu alikuwa akisikia sauti ya mkwe wake barabarani anaacha jembe na kuingia kwenye migomba, na mimi nilikua nikiona hivyo. Nikasema moyoni, Edisa, ushike, ni mkono tu. Nikapiga hatua ili nisiwe na pa kurudi, na kiatu kikateleza kwenye yale mavi ya ndege.

Nobert alisikia, akafumbua macho, akajirusha mbele kunidaka, mikono yote miwili.

"Usiniguse, mkwe!"

Ilikuwa sauti yangu. Nilijikunja pembeni nisimguse, nikaanguka kwenye maji, nikakaa kitako, ziwa kiunoni na gomesi ya zambarau imevimba juu ya maji kunizunguka. Halafu Medius akapiga kigelegele, wengine wakadakia, minandi wote wakaruka.

"Mudomo iliponza kichwa!" Jamidah alikuwa anacheka huku analia. Alishuka akanivuta kwa mkanda wa gomesi. Nobert alikuwa ameshageuka. Alifungua koti alilojifunga kiunoni, akalilaza juu ya jiwe bila kuniangalia, akatangulia mbele mpaka asionekane. Koti la mkwe siwezi kulivaa. Jamidah alilivaa yeye, likambana, akanipa mimi leso aliyojitanda.

Boti ilikuwa inatungojea upande wa pili. Nilikuwa nimelowa, nimechubuka, nimeaibika. Nobert alisimama mbele kabisa karibu na nahodha, mgongo kwetu. Medius naye alikuwa na simu sikioni, anacheka.

"Amesema! Sote tumesikia! Nakuapia, Ronah!"

Nikamnyang'anya simu. "Ronah."

"Mama."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtoto, anaongea maneno yake yasiyo na maana. Niliivuta leso ya Jamidah nikajifunika kichwa ili hawa wambea wasinione.

"Jumapili mlete mtoto nyumbani," nikasema. "Na huyo mwenzako..."

"Mwenzangu nani, mama?"

Nilikwambia kichwa chake kigumu alikitoa kwangu. Hakucheka. Alikuwa anangoja, na akina mama wote kwenye boti walikuwa wanangoja, na ule mgongo wenye shati la kijani ulikuwa umetulia tuli.

"Mkwe wangu," nikasema. "Mwambie mkwe wangu aingie kwa mlango wa nyuma. Wa mbele nitakuwa nimesimama mimi, nampokea mtoto."