Maktaba ya Wageni

"Usiukalie huo!" mwalimu mkuu alifoka kutoka dirishani, na Mama Mito akainuka kama aliyekalia siafu. Alikuwa ameketi kidogo tu, apumzishe mgongo, juu ya mto alioushona kwa mkono wake. Tangu alfajiri alikuwa anapiga deki, anapangusa rafu, anageuza vitabu ili picha zitazame mlangoni.

Zamani chumba hiki kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na mijusi ndio waliokuwa wapangaji wa kudumu. Likizo nzima alikwangua kuta na kuzipaka rangi ya njano, akambembeleza seremala akate rafu ziwe fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza afikie kitabu bila kumwomba mtu. Sponji ya mito aliiokota kwa mafundi makochi, vipande walivyokuwa wanatupa. Hapo ndipo watoto walipombatiza Mama Mito, na walimu wenzake nao wakalisahau jina lake.

Chumba kikapendeza, na kupendeza huko ndiko kulikoleta balaa. Mwalimu mkuu alipokiona tu, akaleta kufuli. Mito ivishwe nailoni. Vitabu visishikwe. Mtoto asikanyage humo mpaka ofisa elimu aje kukata utepe. Ofisa akaahirisha, akaahirisha tena, muhula ukawa unayoyoma. Leo aliapa anakuja, na Mama Mito akawaahidi watoto wake wa darasa la pili kwamba leo wataingia. Ahadi ni deni, na hakuna mdai king'ang'anizi kama mtoto wa darasa la pili.

Walipangwa mistari uwanjani tangu asubuhi. Jua likawachoma, wakaimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Wingu likatanda, wakaimba tena, sauti zimeshakauka. Mama Mito alikwenda getini, akarudi mlangoni, akaenda tena getini, roho juu juu. Barabara ilikuwa tupu.

"Mwalimu, bado?" aliuliza msichana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele.

"Bado kidogo, mwanangu."

"Hata asubuhi ulisema bado kidogo."

Mama Mito akamwendea mwalimu mkuu, aliyekuwa anazipanga soda za mgeni juu ya meza kwa mara ya tatu.

"Mkuu, waache basi wasubirie ndani. Mvua hiyo inakuja."

"Na miguu yao ile? Mgeni njoo, mwenyeji apone, mwalimu. Akipendezwa na maktaba, atatupa mabati ya madarasa."

"Akishaondoka je?"

"Tunafunga. Vitu vizuri vinatunzwa. Wageni si huyu peke yake."

Mama Mito alimkumbuka marehemu mama yake, na kabati lake la kioo lenye vikombe vya maua. Wao watoto walinywea vya plastiki. Vile vya maua vilikuwa vya wageni. Vilitoka kabatini siku ya msiba wa mama mwenyewe, vikanywewa na watu ambao hata hawakumjua. Mpaka leo hasira hiyo haijamtoka.

Simu ya mwalimu mkuu ikalia. Akasimama wima, akawa anainamisha kichwa kama vile mtu wa upande wa pili anamwona. "Ndiyo, mheshimiwa. Hakuna shida kabisa, mheshimiwa." Alipokata, uso ulikuwa umemshuka.

"Amepata kikao. Atakuja muhula ujao. Rudisha watoto darasani, ufunge pale, uniletee ufunguo."

Akakusanya soda zake, akaelekea ofisini. Matone ya kwanza yakaanguka. Paa la darasa la pili lilikuwa linavuja kiasi kwamba watoto walijua kila tone linapotua. Mama Mito akautazama utepe mwekundu uliokatiza mlango. Ulikuwa umefungwa kwa kimo cha mheshimiwa.

Akaufungua mlango. "Darasa la pili! Vueni viatu, piteni chini ya utepe."

Wakapita, wala hawakuhitaji kuinama sana. Lakini ndani waliganda, migongo ukutani, mikono nyuma, wakiogopa kugusa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akauchukua mto mmoja, akaichana nailoni kwa meno, akautupa katikati ya chumba. Watoto wakacheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia.

"Mwalimu! Umerukwa na akili?"

Mwalimu mkuu alikuwa nje ya mlango, mvua inamlowesha mabega. Hakuthubutu kuukata utepe, na kuinama mbele ya watoto wale asingeweza.

"Kule kunavuja, Mkuu."

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Anayesaini ni mimi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi watoe."

Watoto walikuwa wamemzunguka Mama Mito, kitabu kikubwa cha picha magotini mwake.

"Nimalizie kwanza hadithi, Mkuu."

"Imebaki kiasi gani?"

Walikuwa ukurasa wa kwanza. "Kidogo tu."

"Ukimaliza, ofisini. Uje na ufunguo, na vitu vyako pia."

Mama Mito akaitikia kwa kichwa. Kisha akawapitisha macho watoto, akamtafuta yule anayesoma polepole kuliko wote darasani, akampa kitabu.

"Soma wewe, mwanangu. Usiruke hata neno."