Migomba ya Juu ya Tuta

Ukimwonyesha Clavery udongo uliolegea, ficha jembe kwanza. Watu wa Kimwani walilijua hilo miaka mingi, lakini siku tuta la bwawa lilipokwisha kujengwa hakuna aliyelikumbuka.

Tuta lenyewe lilijengwa mwaka mmoja baada ya Malkia kutawazwa kule Uingereza. Kabla ya hapo, kila masika kijito kilikuwa kinashuka mlimani kwa fujo na kuingia moja kwa moja kwenye kibanja cha Clavery na mkewe Jovita, nyumba na shamba pamoja, kwa kuwa wao ndio waliokaa chini kabisa ya mteremko. Masika ya mwisho maji yaliingia mpaka chumbani. Jovita alikuta sufuria zinaelea, kuku wamepanda kitandani, na gunia la buni limekwenda zake ziwani bila kuaga.

Basi serikali ikamleta bwana shamba mmoja, Buberwa, kijana wa Kaagya mwenye kaptula ya kaki na soksi ndefu. Akawakusanya watu, wakachimba, wakabeba udongo kwa vikapu na kuushindilia kwa magogo. Maji ya mvua yangezuiliwa nyuma ya tuta, kisha yatoke taratibu kwa mlango wa pembeni. Jovita alibeba vikapu vingi kuliko wote, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Kiangazi kikaja. Clavery akawa anapita juu ya tuta kila asubuhi. Anasimama, anabonyeza udongo kwa kidole gumba cha mguu, anaguna.

"Udongo mzuri huu," akamwambia mkewe. "Unakaa bure."

"Haukai bure. Unazuia maji."

"Unaweza kuzuia maji huku umebeba ndizi. Wewe mbona unapika huku umebeba mtoto?"

Jovita alitafuta jibu. Alipolipata, migomba ilikuwa imeshapandwa. Aina ya nshakala upande huu, ya nchoncho upande ule, kila mmoja na shimo lake, samadi yake, na nyasi zake zilizotandikwa vizuri, utafikiri kibanja cha padri. Ikashika. Ikatoa majani mapana. Clavery akaanza kuwapitisha wageni juu ya tuta hata kama njia yao ilikuwa kwingine.

Buberwa aliporudi kukagua, alivua kofia.

"Ta Clavery, mzee wangu, hii ni nini?"

"Migomba."

"Naona ni migomba."

"Basi umejijibu, mwanangu."

Buberwa akamweleza polepole. Mgomba ukiangushwa na upepo unang'oka na shina lake na kuacha shimo. Na haya mashimo ya kupandia, na samadi, na nyasi, yote yanakaribisha maji ndani ya tuta. Maji yakishapata pa kuingia, tuta linakwenda lote, na wa kwanza kuoga ni mwenye nyumba ya chini. Migomba yote ing'olewe kabla ya masika.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kwetu mgomba wa mtu haung'olewi hivi hivi. Ukimkatia mtu migomba yake umemwambia ahame, yeye na watoto wake na makaburi ya wazee wake. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji, aliyekuja na watu kuangalia, akakohoa, akasema hilo ni jambo la bwana shamba. Buberwa, ambaye na yeye alizaliwa kibanjani kama wengine, akasema kazi yake ni kushauri tu. Panga lililoletwa kwa kazi hiyo likabaki limelala kwenye nyasi, kila mtu anaangalia pengine.

"Ing'oe mwenyewe," Jovita akamwambia mumewe walipofika nyumbani.

"Nijifukuze mwenyewe? Watu watasema nimerogwa."

"Na maji yakija?"

"Tuta ni imara. Wewe mwenyewe ulilibeba kichwani."

Kesho yake Jovita akaenda kwa jirani yake Klaudia, mwanamke ambaye maneno yake yangeweza kumtoa konokono kwenye nyumba yake. Wakakaa, wakapanga. Mgomba haung'olewi, sawa, lakini chipukizi linaombwa, na ile ya tutani ilikuwa bado michanga, ya kuhamishwa na kupandwa kwingine. Na mtu akiombwa chipukizi hawezi kukataa, ataitwa mchoyo mpaka azikwe.

"Na mumeo akisifiwa," Klaudia akasema, "anakuja mwenyewe kama senene kwenye taa."

Klaudia akatangulia. Akasimama chini ya tuta, mkono shavuni, akasema hajawahi kuona nshakala za namna hii, hata kule Rubafu alikozaliwa, na kama Ta Clavery angemhurumia kwa chache tu. Ta Clavery akahurumia. Akazitoa kwa mkono wake, akazifunga kwa kamba ya mgomba, akamtwisha.

Akaja Elieza, Mlutheri wa ng'ambo ya kijito.

"Yetu imekonda," Elieza akasema. "Sijui ni kwa sababu hatuna ubani kama ninyi Wakatoliki."

"Nyimbo nyingi, samadi kidogo," Clavery akamjibu, akampa zile nene.

Wakaja na wengine. Jovita alikuwa anawaona toka jikoni wakishuka na mizigo kichwani, anacheka peke yake. Jioni akapanda juu kuona tuta lilivyobaki tupu. Akamkuta mumewe amepiga magoti, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Pale palipong'olewa mgomba mmoja palikuwa na miwili.

"Watu wameipenda mno," Clavery akasema. "Nimeona niongeze."

Jovita akakaa chini. Ng'ambo ya mlima mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Umemsifia kupita kiasi," Jovita akamlaumu Klaudia kesho yake.

"Uliniambia nisifie. Hukuniambia niache wapi."

Klaudia alijiona ana deni. Siku ya soko akakutana na mama yake Jovita, mzee Celina, aliyekaa kijiji cha pili, akamsimulia yote kuanzia mwanzo, na machache aliyoongeza mwenyewe. Celina alinunua chumvi, akarudi kwake.

Wiki ile ile, mchana, Celina akatokea kibanjani kwa binti yake na mkeka, mto, na kuku mmoja chini ya kwapa. Clavery alipomwona mkwewe kwa mbali alirukia nyuma ya mibuni, kama heshima inavyotaka. Mkwe hapiti mbele ya mkwe, hali mbele yake, wala hasemi naye uso kwa uso. Akabaki amechuchumaa huko, anasikiliza.

Celina akakaa mlangoni, akasema kwa sauti ya kufika mbali, "Jovita, mwambie mkwe wangu nimesikia tuta lake ni imara mpaka analilima. Nimefurahi. Nyumba yangu inavuja, basi nimekuja kulala chini ya tuta hilo mpaka masika yaishe. Mkeka wangu nautandika hapa karibu na mlango. Maji yakija, nitakuwa wa kwanza kuwaambia."

Mibuni ikatikisika kidogo.

"Mama, ameshasikia," Jovita akasema.

"Sijamaliza. Mwambie pia kwangu hakuna mkwe aliyewahi kuniletea hata chipukizi moja, na wenzangu wananiuliza."

Huko nyuma ya mibuni Clavery akapiga hesabu. Mkwe kuchukuliwa na maji nyumbani kwako! Hilo lingeimbwa harusini hata baada ya wajukuu. Lakini kumpelekea mkwe migomba, nani angesema umejifukuza? Watu wangesema umeoa vizuri.

Akazunguka kwa nyuma, akachukua jembe, akapanda tutani. Aliing'oa yote, mikubwa kwa midogo, akiiaga mmoja mmoja. Elieza akamsaidia kuibeba mpaka kwenye kibanja cha Celina. Buberwa akaja na watu, mashimo yakajazwa udongo mpya, yakashindiliwa kwa magogo, juu zikapandwa nyasi fupi. Clavery ndiye aliyeshindilia kwa nguvu kuliko wote, na kila baada ya muda anauliza, "Hapa je? Mkwe wangu analala hapa chini."

Mvua ikaanza. Ikanyesha usiku na mchana, kijito kikavimba, kikaja na magogo na povu, kikagonga tuta. Jovita alisimama mlangoni na shuka kichwani, anaangalia juu. Maji yalipanda karibu na ukingo, yakakaa hapo yakinung'unika, kisha yakaanza kutoka kwa mlango wa pembeni kama watu wanaotoka misani. Aliinama akagusa sakafu. Kavu. Akarudi akagusa tena.

Masika yakaisha. Clavery, ambaye siku zote hizo alikuwa anakula nyuma ya banda la mbuzi na kuingia ndani kwa mlango wa uani kama mwizi, alimsogelea mkewe jikoni.

"Jua limetoka," akanong'ona. "Mama hasemi lolote kuhusu safari?"

Jovita akaenda mlangoni kuuliza. Celina alikuwa ameketi kwenye mkeka wake anachambua maharage.

"Mwambie mkwe wangu nyumba hii ni kavu kuliko yangu," Celina akasema, kwa ile sauti yake ya kufika mbali. "Na kwangu amenijazia migomba, sina hata pa kuanika buni. Nimeona nikae."