Wiki Nne za Mwanzo

Mtoto wa kwanza wa kaka yangu Hamad aliishi saa mbili. Ilikuwa mwaka tisini na moja, mwezi wa sita. Alizaliwa hospitalini akiwa na uwazi mgongoni, na kichwa chake hakikukamilika kwa nyuma. Mimi sikumwona. Aliyemwona ni mama yetu, Bi Mwamvua, na alipotoka wodini alisema tu, "Mfunikeni vizuri." Kisha akakaa sakafuni pale ukumbini, mbele ya watu wasiomjua, mama ambaye hata kwa jirani hakai bila kutandikiwa mkeka.

Sisi kwetu ni mtaa wa Makorora, huku bara, ingawa asili yetu ni Pemba. Thuwaiba, mke wa Hamad, tulimfuata huko huko Pemba mwaka themanini na tisa. Nilikuwa bado shuleni. Alikuja na masanduku mawili na ulimi mkali, na ndani ya mwezi mmoja tukawa marafiki. Majirani walisema mawifi hawapendani hivyo, wakakaa wakingoja tugombane.

Siku aliporuhusiwa kutoka hospitali, nesi mmoja alituita pembeni. Alikuwa Msambaa mtu mzima, jina lake Ruthi, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani.

"Shikamoo, Sista," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe nani wake?"

"Wifi yake. Suhaila."

"Umesoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana."

"Basi sikiliza wewe. Mwenzako leo hata nikimpigia ngoma hasikii."

Alinieleza kwamba kuna daktari amerudi kutoka masomoni na habari mpya. Wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi walipewa vidonge vya asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine, na wengi wao wakazaa watoto wazima. Ni vitamini, akasema, ile iliyomo kwenye mchicha na kunde na maharage, ila kwa mwanamke ambaye jambo hili limeshamtokea, chakula peke yake hakitoshi.

"Kimoja kila siku," alisema. "Na usinielewe vibaya. Si akishapata mimba. Kabla. Aanze afya ikimrudia, ameze kila siku kama anavyopiga mswaki, awe anawaza mtoto au hawazi. Mimba haipigi hodi."

Aliniandikia jina la dawa kwenye kikaratasi. Hospitali ilikuwa na vidonge vichache tu, lakini wakati ule maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini, na Hamad akaenda akapata chupa mbili. Vilikuwa vidonge vidogo vya manjano, vidogo kuliko punje ya hindi.

Nyumbani nilieleza kila kitu kama nilivyoelezwa. Mama alisikiliza akiwa anachambua mchele.

"Dawa ya mimba," akasema. "Na mimba iko wapi?"

"Bado, mama. Anameza kabla."

"Kabla. Mtu anakula futari asubuhi, jua likizama atafuturu nini?"

Thuwaiba alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba. Mimi pia nilicheka, kwa furaha ya kumsikia. Siku nne zilizofuata nilimwona akimeza, baada ya chai. Siku ya tano nilianza kazi ya ukarani katika ofisi moja kule Raskazone. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri. Sikutazama tena.

Hapa inanibidi niseme jinsi tulivyokuwa, maana bila hilo mtu anaweza kudhani Thuwaiba alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa amelelewa na miaka ile ya foleni, kama sisi sote. Sabuni ikipatikana, haikutumiwa. Ilikatwa vipande, ikafungwa kwenye kanga, ikawekwa mpaka pawe na harusi au maiti. Sukari ilikaa chini ya godoro ikingoja mgeni. Mama aliwahi kuweka mafuta ya kula miezi minane, na siku alipoyafungua yalikuwa yamechacha, na bado alijisifu kwamba aliyatunza. Maduka yalipoanza kujaa tena, sisi tulinunua kama watu wengine, lakini mikono yetu haikuacha kuficha. Kitu kizuri kilikuwa ni kile ambacho hujakigusa.

Mwaka tisini na tatu, mwezi wa nne, siku ya Jumapili, Thuwaiba aliniita chumbani kwake akafunga mlango.

"Wifi, usimwambie mtu. Hata mama bado. Mwezi wa pili huu sijaona siku zangu."

Nilimkumbatia. Nilimuuliza kama kichefuchefu kimeanza, akasema hata harufu ya Hamad siku hizi inamtapisha, masikini, na hajui amekosa nini. Tukacheka tukiwa tumeziba midomo. Kisha akainama, akavuta kutoka uvunguni kopo la maziwa ya unga, akalifungua mbele yangu kama mtu anayeonyesha dhahabu ya mahari.

Vidonge vilikuwa vimejaa, juu yake kipande cha pamba kuzuia unyevu.

"Vyote vipo," alisema. "Vile vinne ulivyoniona nikimeza nilijuta, nikaona naviharibu bure. Nimevitunza miaka miwili, wifi. Sasa ndiyo wakati wake. Leo naanza."

Nilitazama lile kopo. Nakumbuka nilisoma maandishi ya nje, jinsi ya kukoroga maziwa, kijiko kwa kijiko.

"Mbona unasoma kopo?" aliniuliza. "Unataka nikugawie? Olewa kwanza."

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikampeleka kliniki. Ruthi alitukumbuka. Alimuuliza Thuwaiba tarehe, akaandika, akamuuliza vidonge ameanza lini. Thuwaiba akajibu kwa fahari: jana. Kalamu ya Ruthi ilisimama. Alimtuma akapime uzito kwenye chumba cha pili, na mlango ulipofungwa akanigeukia.

"Nilikuambia kabla."

"Niliwaambia, Sista."

"Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo. Mwanamke anapokuja kugundua kwamba hajaona siku zake, kazi hiyo imekwisha, imekwisha vizuri au vibaya. Hivi anavyomeza sasa aendelee, vina faida nyingine kwake na kwa mtoto. Lakini mgongo umeshafunga. Au haukufunga."

"Kwa hiyo mtoto ni..."

"Sijui. Wengi huzaa salama mara ya pili. Usinukuu maneno nisiyosema. Ila hatari kwake ni kubwa kuliko kwa wengine, na tungeweza kuipunguza sana, hatukuipunguza. Lazima ajue, ajiandae. Nimwambie?"

Nilisikia Thuwaiba upande wa pili akitaniana na mtu wa mizani, akimwambia avue kwanza koti lake kabla hajampima mwenzake.

"Niachie mimi," nilisema. "Nitamwambia nyumbani."

Sikumwambia. Njiani alikuwa na furaha. Jioni Hamad alikuwepo. Siku ya pili alitapika akalala. Baada ya hapo kila siku niliyoacha ilifanya inayofuata iwe ngumu zaidi. Ruthi naye alihamishiwa zahanati moja ya milimani, upande wa Amani, na wauguzi wengine hawakujua habari zetu. Ikawa ninayejua ni mimi peke yangu.

Kila asubuhi kabla sijatoka nilimkuta jikoni akimeza kidonge chake kwa maji ya uvuguvugu. Hakukosa hata siku moja. "Bismillahi," anasema, anakiweka ulimini, anatazama juu. "Mtoto ameshakula." Mama naye sasa alikuwa upande wa vidonge. Akichelewa kidogo mama anamkumbusha, na mbele ya wageni anamsifu mkwewe, mtu anayejua kutunza kitu mpaka wakati wake. Mimi nilikunywa chai yangu nimesimama.

Mimba ilipofika mwezi wa sita tumbo lilikuwa kubwa kuliko miezi yake. Mama alisema pacha. Mkunga mmoja wa mtaani alilipapasa, akarudia kulipapasa, akaomba maji ya kunawa, akaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Mwezi wa saba Thuwaiba aliuchukua mkono wangu akauweka ubavuni.

"Unasikia? Anasukuma. Lakini hapigi teke. Yule wa kwanza alikuwa akinipiga mpaka naruka."

"Watoto hawafanani," nilisema.

"Huyu anasukuma kama mtu anayeegemea mlango."

Nilitoa mkono. Nikazungumza habari za ofisini, kwamba mkubwa wetu Wilfred amenunua runinga na anaalika watu kwa zamu.

Alijifungua mwezi wa kumi na moja, kwa kisu, kwa sababu ya kichwa. Alikuwa mtoto wa kike, mzuri wa uso, nywele nyingi, macho ya Hamad. Juu ya kiuno alikuwa na uvimbe kama yai lililomenywa, na ngozi yake ilikuwa nyembamba hata ukaona maji ndani. Miguu ilikuwa miwili, mizima, vidole kumi, na haikutikisika. Siku ya saba Hamad alimchinjia, akampa jina la bibi yetu, Time.

Daktari alisema apelekwe Dar es Salaam akafungwe mgongo, akatuandikia barua, tukapewa tarehe ya mwezi uliofuata. Tulirudi naye nyumbani kusubiri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilisha bandeji, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kwa sababu Thuwaiba alikuwa na mshono, Hamad hakuweza kutazama na mama aliogopa kumtonesha. Time alikuwa akinishika kidole. Alikuwa na nguvu mikononi, nguvu zote zilizokosa kwenda miguuni. Alipenda kuimbiwa. Kichwa kilizidi kukua, kila wiki kofia mpya, na macho yakaanza kutazama chini, kama anayetafuta kitu alichoangusha. Homa ilimwanza Jumanne. Alikufa Alhamisi, siku ya thelathini na tatu, wakati wa adhuhuri, mikononi mwangu, Thuwaiba akiwa ameenda kuoga.

Tulimwosha mimi na mama. Wanaume wakamchukua.

Baada ya hitima, wageni walipotoka, nilikuwa uani nafua vitambaa vyake. Thuwaiba alikuja akakaa kwenye kibao mkabala na beseni, akiwa bado anatembea ameinama kwa ajili ya mshono. Akachukua kitambaa kimoja, akaanza kukikamua.

"Daktari aliniuliza nilianza kumeza lini," alisema. "Siku ile ananipa barua. Nikamwambia. Akanieleza habari za wiki nne."

Niliendelea kufua.

"Nimehesabu. Siku ile nilipokuonyesha, hizo nne zilikuwa zimekwisha wiki tatu nyuma." Alikitandaza kitambaa magotini. "Wewe ulijua lini, Suhaila?"

Hakuniita wifi.

"Kesho yake. Kliniki."

"Kwa hiyo miezi saba."

"Nilitaka kukwambia. Nilikuona una furaha."

"Nilikuwa nayo," alisema. "Unajua nilikuwa namngoja nani? Nilikuwa namngoja mtoto anayekimbia humu uani. Nilishamjua, nilishamshonea. Akaja Time, na mimi siku kumi nzima nilikuwa namtazama namtafuta yule mwengine. Siku kumi, kati ya thelathini na tatu. Wewe ulimpokea tangu siku ya kwanza, ulimshika kama unamjua, na mimi nilidhani una moyo kuliko mimi."

Nilizamisha kitambaa kingine majini.

"Ungeniambia," alisema, "ningekuwa nimemngoja yeye."

Alinyanyuka kwa taabu, akashika kamba, akaanika kitambaa kile kimoja, akakinyoosha pembe zake. Kisha akaingia ndani, na mimi nikabaki na vilivyosalia kwenye beseni, na nikavifua vyote.